Kifaranga Aliyekuja na Upanga wa Babu

Barabara itokayo Mbarara kwenda Kikagati, kwenye mto Kagera na mpaka wa Tanzania, hupita Kaberebere katikati ya migomba ya Isingiro. Asubuhi pikipiki hufuatana hapo, nyuma zimebeba mikungu ya matoke, na kwenye usukani kuku wamefungwa miguu wakining'inia vichwa chini. Wengi huangalia uzito. Mimi huangalia vichwa. Huyu ana upanga uliosimama wenye meno kama msumeno. Yule wake umelala bapa juu ya fuvu, umejaa vinundu, na nyuma umechongoka. Wa tatu ana safu tatu fupi za vinundu, ile ya katikati imezidi kidogo. Pwani kitu hicho huitwa undu, wengine husema kilemba, na wafugaji wengi wa bara wameshika neno upanga. Hapa Ankole jogoo mwenyewe huitwa empanga, na sikio la Mswahili likilisikia neno hilo haliwezi kuacha kuona chuma.

Ukikaa na wafugaji wa kuku wa kienyeji, hukosi kusikia ugomvi wa kifaranga asiyefanana na wazazi wake. Mama ana jogoo wa upanga bapa na tetea wa upanga bapa, wamekaa pamoja banda moja. Tetea anaatamia, anatotoa vifaranga wanane, na wawili kati yao wana upanga uliosimama, kama wa jogoo wa mzee jirani.

"Mzee, jogoo wako anaingia kwangu."

"Mama, jogoo wangu halali nje. Muulize tetea wako."

Watu hucheka, lakini ndani ya ugomvi huo mna swali zito. Kama mzee amesema kweli, upanga ule umetoka wapi? Wazazi hawana, na bado umekuja.

Jibu lilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20, na lilipatikana kwa kuku, kwa kuhesabu panga zao.

Grantchester ni kijiji kilicho kando ya Cambridge, Uingereza. Huko aliishi William Bateson, aliyezaliwa mwaka 1861, mtu aliyesumbuliwa tangu ujana wake na jambo moja: kwa nini viumbe wa aina moja hutofautiana. Alikwisha kwenda hadi nyika za Asia ya Kati, akapita ziwa kwa ziwa akipima wanyama wadogo wa majini, akitaka kuona kama chumvi ya maji ndiyo inayowabadilisha. Hakuona alichotarajia. Mwaka 1894 akachapisha kitabu kinene juu ya tofauti za viumbe, na wataalamu wengi wa wakati wake hawakukipenda. Hakuwa na kazi ya kudumu ya ualimu wala maabara kubwa. Alikuwa na bustani, banda la kuku, mke wake Beatrice aliyesaidia kazi ya shamba na daftari, na kundi la wanawake wasomi wa chuo cha Newnham waliokubali kufanya naye kazi kwa ujira mdogo au bila ujira. Wanawake hao walisoma Cambridge lakini chuo kikuu hicho hakikuwapa shahada kamili. Kilikuja kuwapa mwaka 1948. Nawataja kwa sababu sayansi ya urithi ilianza hivyo: watu ambao mlango mkuu ulifungwa mbele yao, wakiwa na ndoo ya maji na kalamu, wakihesabu vifaranga.

Mwaka 1900 wataalamu watatu wa mimea, kila mmoja kivyake, walifufua kazi iliyosahaulika ya mtawa Gregor Mendel wa Brno, iliyochapishwa mwaka 1866. Mendel alipanda njegere bustanini mwa nyumba ya watawa, akaona kwamba sifa za wazazi hazichanganyiki kama maziwa na chai. Kila moja hubaki nzima. Inaweza kujificha kizazi kimoja, kisha ikatokea tena bila kupungua. Wengi walisema: sawa, hayo ni ya njegere. Bateson tayari alikuwa na kuku waliopandishwa, na daftari zake zilikuwa na hesabu. Mwaka 1902, yeye na Edith Rebecca Saunders walitoa taarifa yao kwa Royal Society ya London, na humo panga za kuku zilifuata hesabu ile ile ya njegere. Mwaka huo huo Lucien Cuénot wa Ufaransa alionyesha jambo hilo kwa panya. Tangu hapo hapakuwa tena na njia ya kusema kwamba wanyama wana sheria yao nyingine.

Sasa turudi kwa mama na mzee. Kila kuku amebeba habari mbili za upanga wake, moja ya baba na moja ya mama. Habari ya upanga bapa, ambao wafugaji wa Ulaya waliulinganisha na ua la waridi, ina nguvu kuliko ya upanga uliosimama. Kuku mwenye moja ya waridi na moja ya kusimama ataonekana waridi mtupu; macho hayatamtenga na yule mwenye waridi mbili. Wakikutana wawili waliobeba siri hiyo, kila mmoja hutoa habari moja bila kuchagua. Kwa wastani, katika vifaranga wanne mmoja atapata zote mbili za kusimama, na huyo ndiye atakayetoka na upanga wa babu yake. Wawili katika wanane ni hesabu kamili. Jogoo wa mzee hana kosa.

Lakini sheria hii inakata pande zote mbili. Kuku mwenye upanga uliosimama hana cha kuficha, maana angekuwa na waridi hata moja, ingeonekana. Basi jogoo wa upanga uliosimama na tetea wa upanga uliosimama wakipata kifaranga wa upanga bapa, hapo mama ana haki ya kwenda kwa mzee, tena kwa sauti. Na asihesabu siku za jana na juzi tu: tetea huhifadhi mbegu za kiume mwilini mwake hata wiki tatu, kwa hiyo jogoo aliyechinjwa sikukuu iliyopita anaweza bado kuwa baba wa mayai ya leo.

Bateson hakuishia hapo. Alikuwa na kuku wa waridi na kuku wa ule upanga wa safu tatu, unaoitwa wa njegere kwa umbo lake. Si kwa Mendel. Wote wawili walikuwa na nguvu mbele ya upanga uliosimama. Je, wakipandana wao kwa wao nani atashinda? Hakushinda yeyote. Vifaranga wote walitoka na upanga wa namna nyingine kabisa, donge lenye mikunjo kama kokwa ya jozi. Upanga huo ulikuwa ukijulikana kwa kuku wa Kimalai, warefu, wapiganaji. Hakuna aliyekuwa amemleta Mmalai bandani.

Hapo ndipo mtu mvivu angeandika "ajabu" na kufunga daftari. Bateson, na baadaye Reginald Punnett aliyejiunga naye, waliwapandisha hao wa jozi wao kwa wao na kuhesabu. Kwa kila vifaranga 16, kwa wastani, 9 walikuwa wa jozi, 3 wa waridi, 3 wa njegere, na 1, yule yule asiyekuwa kwa babu wala bibi, alikuwa na upanga uliosimama wenye meno. Hesabu ya tisa, tatu, tatu, moja ilisema wazi kwamba waridi na njegere si ndugu wagombanao kiti kimoja. Kila moja ina kiti chake. Zikikutana katika kichwa kimoja hujenga umbo ambalo hakuna hata moja kati yao iwezayo kulijenga peke yake, na zikikosekana zote mbili, hubaki upanga wa asili wa kuku wa porini. Ulikuwa mfano wa kwanza ulioeleweka vizuri wa habari mbili za urithi kushirikiana kuunda kiungo kimoja. Mwaka 1905, katika barua, Bateson aliipa elimu hiyo jina ambalo Kiswahili nacho kimelikopa: jenetiki. Mara nyingi naona jina hilo likitumika kwa mashine na hospitali, na huwa natamani watu wakumbuke banda.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo naipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Marekani, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafugaji walitengeneza kuku waitwao Wyandotte, wenye manyoya yaliyotiwa mstari mweusi pembeni kama kitambaa kilichotariziwa, na upanga wa waridi. Mwaka 1883 wakaingizwa katika kitabu cha viwango cha wafugaji wa Marekani. Tangu siku hiyo Wyandotte mwenye upanga uliosimama alikuwa aibu. Kila kizazi walitazamwa wakiwa wadogo, na wenye upanga uliosimama waliondolewa. Mwaka baada ya mwaka, jogoo wa waridi kwa tetea wa waridi. Kwa hesabu ya Mendel, sifa inayoondolewa hivyo hupungua na kupungua. Kwa Wyandotte haikuisha. Miaka 50, miaka 70, bado vifaranga wa upanga uliosimama walikuja, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akiwarudisha usiku.

Aliyewarudisha alikuwa ni mayai viza. Wafugaji walijua kwamba Wyandotte hatotoi vizuri, ila hawakuunganisha mambo mawili. Mwaka 1964 Crawford na Smyth walichapisha utafiti uliofuata rutuba ya majogoo kwa upanga wao, na jambo likawa wazi: jogoo mwenye waridi mbili, yaani yule safi kabisa aliyetamaniwa na kila mfugaji wa maonyesho, ana mbegu dhaifu. Mwenye waridi moja na kusimama moja ni mzima kama jogoo yeyote. Tetea hawaguswi na tatizo hili. Kwa hiyo banda likiwa na majogoo wa aina zote mbili, wote wakionekana sawa kwa macho, vifaranga wengi ni wa yule aliyebeba siri. Mfugaji alifukuza upanga uliosimama mlangoni kila mwaka, na kila mwaka ulirudi dirishani, umebebwa na jogoo bora wa banda.

Sababu yenyewe ilifunuliwa mwaka 2012, na kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Uppsala, Sweden. Katika kromosomu ya 7 ya kuku, kipande kirefu cha herufi za urithi zipatazo milioni 7.4 kiligeuzwa kichwa chini miguu juu, zamani sana, mara moja. Ncha moja ya kipande kilichogeuka ililiweka jeni la jirani mahali ambapo linawaka wakati upanga unajengwa, na kutoka hapo ukaja ule ubapa wa waridi. Ncha ya pili ilikata jeni lingine katikati, lile linalohitajika ili mbegu ya kiume iogelee vizuri. Tukio moja, matokeo mawili. Ua na kilema vilizaliwa siku moja. Upanga wa njegere nao una habari yake: mwaka 2009 ilionekana kwamba kipande kidogo ndani ya jeni moja kimejirudia mara nyingi, kama msomaji aliyekwama kwenye neno.

Nikiwaza hayo, huona kwamba mtu wa Ankole angeyaelewa haraka kuliko watu wa maonyesho ya kuku. Nchi hii imechagua mifugo kwa karne nyingi, ila si kuku. Wahima, wafugaji wa hapa, walichagua ng'ombe: pembe ndefu nyeupe zenye kupinda kwa mlingano, na rangi, hasa ile nyekundu iliyokolea wanayoiita bihogo. Kila rangi na kila mpindo wa pembe ulikuwa na jina. Mwenye kundi alijua mama wa ng'ombe, na mama wa mama yake, bila karatasi. Fahali alichaguliwa kwa ukoo. Kuku hawakuwemo katika hesabu hiyo. Kwa desturi ya zamani Wahima hawakula kuku wala mayai, na waliofuga kuku walikuwa majirani zao wakulima. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikapita, ugonjwa ulioingia Afrika kwa upande wa Ethiopia na kuteketeza ng'ombe hadi kusini mwa bara. Ankole ilibaki na mizoga. Kundi lililojengwa kwa vizazi na vizazi lilipaswa kujengwa upya kutokana na wachache waliosalia, na wenye ng'ombe waliyatafuta tena yale waliyoyapenda, pembe na bihogo. Leo, ukitoka Mbarara upande wowote, utaona ng'ombe weusi kwa weupe wa Friesian na machotara wao. Wanatoa maziwa mengi, na wanadai majani mengi, maji mengi na dawa ya kupe. Mwenye ng'ombe wa Ankole anajua hasa alichopata na alichotoa. Ni elimu ile ile ya Wyandotte, ila huku inasemwa kwenye zizi.

Kuku walifika kwa njia yao. Asili yao ni kuku mwekundu wa misitu ya Kusini-mashariki mwa Asia. Mifupa ya kale inayoaminika zaidi kuwa ya kuku wa kufugwa imetoka Ban Non Wat, Thailand, na umri wake ni miaka ipatayo 3,500. Walivuka bahari na nchi kavu. Kaskazini mwa Ethiopia, mahali paitwapo Mezber, kuku walikuwepo karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Katika pwani yetu mifupa yao inaonekana kuanzia karne ya 7 au ya 8, Unguja ikiwemo, pamoja na panya weusi waliokuja katika majahazi hayo hayo. Toka hapo waliingia bara mikononi mwa watu. Mbuzi huswagwa. Kuku hubebwa. Kila aliyehama na tenga lake alihamisha pia habari za urithi asizozijua, nyingine zimefichika.

Ndiyo maana kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki ni mkutano wa kila kitu. Watanzania wamewapa majina: kuchi, mrefu mwenye umbo la kupigana, kishingo, asiye na manyoya shingoni, njachama, mwenye manyoya yaliyopinda kama yaliyopigwa na upepo kwa nyuma. Kishingo anastahili heshima zaidi ya anayopewa. Manyoya machache maana yake ni joto kutoka kwa urahisi, na upanga mkubwa uliosimama nao hufanya kazi hiyo, damu ikipita humo na kupoa. Tena kishingo hafichi siri yake kama waridi. Aliyepata habari moja hubakiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyepata mbili shingo yake ni tupu. Mfugaji wa kijijini asiyejua kusoma anaweza kuisoma jenetiki hiyo kwa jicho moja. Njachama ni onyo. Habari moja humpa manyoya ya kupinda yanayotafutwa na waganga hadi bei yake inapanda; habari mbili humwacha na vijiti vinavyokatika, karibu uchi, akitetemeka kwa baridi. Anayewapandisha njachama kwa njachama ili apate wengi wa kuuza atapata pia hao. Afadhali jogoo njachama kwa tetea wa manyoya ya kawaida: nusu ya vifaranga watakuwa njachama, na hakuna atakayeteseka.

Mkutano kama huo upo Nakivale, hapa hapa Isingiro, iliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipovuka mpaka. Wakati huo hapa pote palikuwa Ankole, kisha pakawa Wilaya ya Mbarara. Isingiro ilikuja kuwa wilaya peke yake baadaye. Baada ya Wanyarwanda walikuja wengine, na wengine baada yao: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kiswahili kikawa daraja lao, Kiswahili cha Bukavu na cha Bujumbura na cha Kismayu kikikutana kwenye duka moja la Base Camp, ndani ya makazi hayo. Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi alime, lakini kipande hicho ni kidogo na watoto ni wengi. Ng'ombe hatatosha hapo. Tetea wawili na jogoo watatosha. Mwanamke aliyeanza na kifaranga cha kupewa anaweza baada ya mwaka kulipa daftari za shule kwa mayai. Na kwa kuwa kuku hao wamenunuliwa Kaberebere, wamebadilishwa na Wanyankole, wametolewa zawadi ya harusi na Warundi, vichwa vyao ukivipanga mstari utaona panga zote za Bateson, jozi zikiwemo.

Hatari ya Nakivale ni udogo wa banda. Jogoo mmoja akikaa miaka mitatu atawapanda binti zake, kisha wajukuu. Hapo habari dhaifu zilizojificha kila moja peke yake hukutana mbili mbili. Mwenye banda haoni kilema cha kutisha. Anaona viza zimeongezeka, vifaranga wanachelewa kukua, kideri kikipita hakibakizi hata mmoja, na anasema mkono wake umekuwa mbaya. Mkono wake ni mzima. Abadilishane jogoo na mtu wa mbali, wa Juru kwa wa Rubondo, pande mbili za Nakivale, kila mwaka, na kila mmoja amtenge mgeni wiki mbili asije akaingiza ugonjwa. Haigharimu shilingi, na naiona kuwa kazi kubwa kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwenye vichupa.

Karibu na mwaka 2010 akaingia kuku mwingine Uganda. India, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Vinod Kapur wa kampuni ya Keggfarms alikuwa ametoa kuku aitwaye Kuroiler, aliyechanganywa kutoka mbegu kadhaa ili akue haraka na kutaga sana huku akijitafutia chakula uani kama kuku wa kienyeji. Profesa Jagdev Sharma wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, alishirikiana na kituo cha taifa cha mbegu za mifugo kilichopo Entebbe, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, kumjaribu katika nyumba za vijijini Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika kuokoteza kule kule, chini ya mikono ile ile, Kuroiler aliongezeka uzito kuliko wa kienyeji. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 40 kwa mwaka. Huyu hutajwa kwa zaidi ya 150. Habari ikaenea haraka, na vifaranga wake wakaanza kusafiri kwenye makatoni yenye matundu kwenda kila upande wa nchi.

Nasema bila kusita kwamba kuku huyu amewasaidia watu. Lakini nasikitika kila ninapoona anauzwa bila maelezo mawili.

La kwanza: yeye ni chotara aliyepangwa. Wema wake umetokana na mkutano wa mbegu zilizotunzwa mbalimbali. Ukipandisha Kuroiler kwa Kuroiler uani kwako, habari zile hutawanyika kama zile panga 16 za Grantchester: mmoja atafanana na baba, mwingine na bibi wa upande usioujua, na kundi kwa jumla hurudi nyuma. Mtu hudhani aliuziwa kuku bandia. Hakudanganywa kuhusu kuku. Hakuambiwa kuhusu watoto wake. Anayetaka kuendelea nao kwa bei nafuu amchukue jogoo Kuroiler kwa matetea wake wa kienyeji, achague katika watoto hao, na asitafute kufanana.

La pili ni kuatamia. Tetea anayeatamia hatagi. Wiki tatu anakaa juu ya mayai, wiki nyingi zaidi anatembea na vifaranga, na mayai 40 kwa mwaka ndiyo bei ya uzazi huo. Waliochagua kuku kwa wingi wa mayai, kizazi hadi kizazi, walichagua bila kutamka matetea waliosahau kukaa. Kuroiler hutaga na kuondoka. Mji wenye mashine ya kutotolea na umeme wa uhakika hauoni hasara. Kijiji kisicho na umeme, chenye watu wapya kila mwezi na duka la vifaranga lililo mbali, kikiuza matetea wake wote wa kienyeji ili kinunue hao, kimeuza pia mashine yake.

Wapo wanaochagua kwa upanga, wakiamini waridi ni dalili ya kuku wa kizungu na kwamba uliosimama ni wa kienyeji tu. Kama unapenda waridi, fuga waridi, ni pambo zuri na si kosa kupenda uzuri. Unaweza hata kumpima jogoo: mpe matetea wa upanga uliosimama, uhesabu. Kifaranga mmoja wa upanga uliosimama akitokea, jogoo amebeba siri. Wakitoka saba mfululizo wote waridi, uwezekano wa mwenye siri kutoa saba kama hao ni chini ya 1 kwa 100. Wafugaji wa Wyandotte wangemshangilia huyo wa pili. Mimi, kwa banda la matetea wanne huko Nakivale, ningemchukua yule wa kwanza, aliyefichua siri yake, kwa kuwa najua mayai yake yatatotolewa.

Siku hizi, Isingiro na kwingineko Uganda, wapo wafugaji waliolitatua jambo hili bila kungoja semina. Tetea wa kienyeji akianza kukaa, mwenye banda huyaondoa mayai yake usiku na kumwekea ya Kuroiler. Tetea hapigi kelele, hachagui. Huyakusanya kwa mdomo, huyageuza, huyafunika kwa kifua kilichopoteza manyoya kwa ajili ya kazi hiyo. Siku ya 21 maganda hupasuka. Umbo la upanga huonekana tangu siku hiyo, dogo kama punje ya mtama, na Bateson aliweza kulisoma hata kwa vifaranga waliofia ndani ya yai. Mama mwenye banda humwinua kifaranga wa kwanza mkononi, humsogeza mlangoni penye mwanga, hupuliza manyoya ya kichwani yaliyo bado na unyevu, na kutazama.